Uzoefu wangu: nyaya za dishi, TV na spika nilizonunua Mwanjelwa

Nimetumia nyaya tatu za dukani Mwanjelwa, Mbeya. Wa dishi ndio unaotaka umakini zaidi, maana ndio pekee unaolala nje.

Nilichukua RG6 (aina ya waya wa dishi) wa omu 75, wenye ganda jeusi. Mweupe ni wa ndani. Juu ya bati jua huupasua. Mvua za huku zinashika Novemba hadi Aprili, na maji yakipenya kwenye konekta yanashuka ndani ya wavu (nyuzi zilizosukwa kuzunguka waya wa katikati), kutu inaanza. Dalili yake huchanganya hata mafundi: baadhi ya chaneli zinapotea kabisa, nyingine zinang'aa. King'amuzi hupeleka volti 13 kwenye LNB (kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) kwa chaneli za mawimbi ya wima na 18 kwa za ulalo. Kiungo kikiwa na kutu, 18 inafika pungufu, LNB inaisoma kama 13, chaneli za ulalo zinapotea. Kwa hiyo kabla hujalizungusha dishi, fungua konekta uitazame. Ukiikata upya, pini (waya wa katikati) itokeze milimita 2 au 3, na uzi hata mmoja wa wavu usiiguse, la sivyo ni shoti. Kaza, zungushia tepu ya mpira, kisha acha waya uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji yadondokee hapo.

HDMI (waya wa kupeleka picha na sauti kwenye TV) ya mita 10 isiyo na lebo inaonyesha picha ya 1080p vizuri. Kwenye 4K, picha kali zaidi, ya fremu 60 kwa sekunde, inatoa vidoti vyeupe na kioo kuzima sekunde kadhaa, kwa sababu picha hiyo inahitaji hadi gigabiti 18 kwa sekunde. Ya mita 2 iliyoandikwa Premium High Speed haina shida. Dhahabu kwenye pini haiongezi rangi. Inazuia kutu tu.

Kwa spika nimeridhika na shaba ya milimita za mraba 1.5. Umbali wa mita 10, yaani 20 kwenda na kurudi, waya wa 0.5 una ukinzani wa karibu omu 0.7, kwa spika ya omu 4 huo ni mwingi, besi inalegea. Wa 1.5 una 0.23 hivi. Ila jihadhari na alumini iliyopakwa shaba: ukinzani wake ni mkubwa zaidi na hukatika ukikunjwa mara chache. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ndani ukiwa mweupe, rudisha. Muuzaji akikukatalia kukwangua, nenda duka la pili.