Nimeangalia Sudirman Cup ya Xiamen, lile kombe la dunia la badminton la timu za nchi, mwanzo mwisho, haya ndo maoni yangu

Kwanza niseme ukweli, mi sio mtaalamu, ni mtu wa vinyoya (ndo hiyo badminton) vya uani tu, neti yetu imefungwa kati ya mwembe na nguzo ya kamba ya nguo na upepo ukianza tunaacha. Ila mashindano ya 2025 kule Xiamen, China, yale ya 27 Aprili mpaka 4 Mei, nimeyafuatilia yote na nimetumia hela, kwa hiyo nina haki ya kutoa nyota. Natoa nne kati ya tano, ile moja nitaeleza imepotelea wapi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: hapa hakuna habari ya mtu kuja kivyake, ni nchi kwa nchi. Wakikutana zinapangwa mechi tano, mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke, wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili, halafu miksi, yaani mwanaume na mwanamke upande mmoja. Kwenye mtoano wa kwanza kufikisha ushindi tatu kapita, hakuna cha zaidi. Sasa piga hesabu mwenyewe, nchi yenye wanaume wakali tu ina mechi mbili mkononi na mbili hazitoshi, lazima wadada nao wawe moto, na hapo ndo utamu wote ulipo.

Mfano mzuri ni fainali yenyewe, China na Korea Kusini. Korea wana An Se-young, bingwa wa Olimpiki ya Paris 2024, yule dada anachezea vinyoya kama anaokota nguo zinazotaka kuloana na mvua, kila kona kashafika. Akamfunga Wang Zhiyi wa China seti mbili kavu, mbele ya watu wa Wang wanaopiga kelele ukumbi mzima. Nikasema leo leo! Lakini upande wa wanaume Jeon Hyeok-jin wa Korea kakutana na Shi Yuqi wa China, kafungwa 21-5, 21-5. Nilidhani simu imeganda kwenye ile tano, nikafunga na kufungua tena, wapi, ndo matokeo. Mwisho wa yote China 3-1. Na yule An alikuwa kafanya kila alichotakiwa kufanya jamani, ila kombe la nchi halina huruma na mtu mmoja mmoja.

Hilo lilikuwa kombe la 14 la China katika mara 19 zilizochezwa tangu 1989. Korea wanayo manne, Indonesia moja tu, ile ya kwanza kabisa waliyochukua kwao Jakarta. Mi hapa nawahurumia sana Indonesia, maana kombe lina jina la mzee wao Dick Sudirman, na ukiliangalia vizuri limetengenezwa umbo la kinyoya, kile kimpira chenye manyoya tunachokipiga, fedha iliyopakwa dhahabu, juu kabisa kuna mfano wa hekalu la Borobudur la kule kwao Java. Yaani kitu kina sura ya nyumbani kwako halafu kila baada ya miaka miwili unakiona kinabebwa na majirani. Safari hii walitolewa na Korea nusu fainali, 3-2.

Kingine nilichokipenda, wachezaji wanakaa kwenye banda lao nyuma ya korti kama familia kwenye harusi, hawa ambao wiki ingine yoyote wanakutana na kutoana jasho wao kwa wao, na zawadi ya hela haipo! Wanacheza kwa bendera na pointi za rank. Ukiangalia kwa karibu utaona vitu vidogo vidogo, mchezaji akibanwa anaokota kinyoya, anayanyoosha yale manyoya kwa vidole polepole kama anachambua mchicha, anamwonesha refa eti kimeharibika, kumbe anatafuta pumzi tu. Refa anakataa. Anarudi anatabasamu. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akauliza kuna nini.

Sasa ile nyota iliyokatwa. Hatua ya makundi bana inachosha. Afrika mwakilishi wetu alikuwa Algeria, kapangwa kundi moja na China, Thailand na Hong Kong, na siku ya China ilikuwa 5-0. Kwenye makundi mechi zote tano zinachezwa hata kama mtu kashapata tatu, kwa hiyo unaangalia ya nne na ya tano huku mshindi anajulikana toka saa ngapi sijui. Kwa wale vijana wa Algeria ni shule, sikatai, mi mwenyewe ningelipa nauli kucheza na wale watu, ila kwa mtazamaji aliyeamka usiku… China wametutangulia masaa matano, mechi zao za asubuhi huku kwetu hata jogoo hajawika.

Na kuangalia kwenyewe ni kazi. Nililipia kifurushi cha king'amuzi fulani, siwataji, nikijua michezo yote imo, ile siku ya kwanza naweka chaneli nakuta marudio ya mpira wa miguu wa wiki iliyopita. Nawapigia, dada ananijibu kwa upole sana, "Kaka, vinyoya ndo nini?" Nikaishiwa nguvu. Nikahamia kwenye simu, picha safi tu ila bando linayeyuka kama barafu ya ukwaju, seti ya tatu ikifika na bando nalo linapumulia mashine.

Kama hujawahi kuangalia kabisa usianzie hii ya Xiamen, tafuta nusu fainali ya 2023 ya Suzhou, China na Japan. Japan wanaongoza 2-1, wanaume wawili wawili wako seti ya tatu, Hoki na Kobayashi wa Japan 20, Liu Yuchen na Ou Xuanyi wa China 16. Pointi moja tu Japan yuko fainali. Moja! Wachina wakarudi mpaka wakashinda 22-20, ikawa 2-2, halafu wadada wa China wakaja kumalizia. Nimeirudia mara nne na kila nikifika pale 20-16 bado naamini Japan watashinda.

Inayofuata ni 2027. Makundi nitayaangalia matokeo tu, naanzia robo fainali, na bando nanunua jana yake usiku.