Godoro la hewa linalouzwa Kisumu: pampu haimgeuzi mgonjwa

Maduka ya vifaa vya hospitali mjini Kisumu huuza godoro la hewa la vifuko: plastiki nene yenye safu za vifuko, mirija miwili na pampu ndogo ya kutundikwa kitandani upande wa miguuni. Familia nyingi hulinunua mgonjwa wa kiharusi au aliyevunjika nyonga anaporudi nyumbani. Kwa kazi yake, kumkinga mgonjwa na vidonda vya kulalia, ni kifaa kizuri. Kinacholiharibia jina ni maneno ya wauzaji wengine, kwamba ukishalitandika, mgonjwa hana haja ya kugeuzwa.

Haja ipo. Pampu hujaza safu moja na kulegeza ya jirani, kisha hubadilisha kila baada ya dakika 10 hivi, ili damu ipite kwenye ngozi iliyobanwa na mfupa. Mgonjwa bado ageuzwe kila saa 2: mto mgongoni, mwinamo wa digrii 30, wala si ubavu kamili unaoelemea nyonga. Mto mwingine ukae chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse kitu. Kumsogeza ni kazi ya watu wawili na leso (kanga) iliyokunjwa chini ya kiuno; inueni kwanza, ndipo msogeze. Akiburutwa, ngozi hubaki kwenye shuka huku mifupa ikiteleza, na kidonda huanzia ndani.

Godoro hili hutandikwa juu ya godoro la sponji. Wapo wanaoliweka chini ya sponji lisitobolewe, na hapo ni pesa iliyotupwa. Juu yake shuka moja tu. Joto la Kisumu hufanya plastiki ilete jasho, basi watu huongeza leso, blanketi na nailoni, na kila tabaka hupunguza kazi ya vifuko. Afadhali kubadilisha shuka mara mbili kwa siku.

Kitufe cha uzito kwenye pampu, kinachopanga ugumu wa godoro kwa uzito wa mgonjwa, ndicho hukosewa zaidi. Kikizungushwa hadi mwisho, godoro huwa gumu kama ubao. Kikiwa chini mno, kitako hugusa sponji. Pitisha kiganja kati ya godoro la hewa na sponji, chini ya kitako cha mgonjwa: hewa ya sentimita 2.5 iwepo, ikipungua ongeza.

Stima ikipotea, chomoa mirija, ikunje na uifunge. Hewa itabaki kwa muda, lakini kubadilishana kumekoma.

Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu kama dalili ya kidonda. Gusa kitako, nyonga na visigino kila unapomgeuza. Palipo na joto, ugumu au maumivu kuliko pembeni pasilaliwe tena hadi patulie, wala pasisuguliwe. (Ile ringi ya mpira ya kukalia iacheni dukani, hubana damu kuzunguka pale pale mnapopalinda.)

Usafi ni maji ya sabuni na kuanika kivulini, maana jua hukausha plastiki ikapasuka kwenye mishono.

Kwa mtu anayeweza kujigeuza mwenyewe au kukaa kitini, sponji nzuri inatosha. Ukinunua, omba pampu iwashwe dukani kwa robo saa na ubonyeze safu mbili za jirani: iliyokuwa imejaa iwe imelegea. Zote zikibaki zimejaa sawa, mrija umejikunja au pampu imechoka. Hakikisha pia viraka vimo ndani ya boksi.