Siku saba za kupiga mbizi Mafia: kituo kizuri, tarehe mbaya

Februari iliyopita nilikwenda kisiwani Mafia kwa siku saba, nikiwa na cheti cha ngazi ya kwanza nilichokipata Nungwi, kinachoniruhusu kushuka hadi mita 18. Safari nzima niliinunua kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam: tiketi ya ndege, chumba katika kijiji cha Utende, mbizi kumi, na siku moja ya kuogelea na papa potwe, yule papa mkubwa mpole mwenye madoadoa. Kwa hiyo nina maoni juu ya huduma mbili tofauti, yaani kituo cha wapiga mbizi kilichonipokea, ambacho ningekirudia kesho, na ratiba ya wakala, ambayo iliandikwa na mtu aliyejua bei za vyumba lakini hakuwa na habari na maji.

Msimu wenyewe aliuchagua vizuri. Kaskazi ilikuwa imetulia, bahari ya nje ya Ghuba ya Chole inaendeka, na papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Anayekwenda wakati wa kusi hubanwa ndani ya ghuba kwa sababu ya mawimbi, na masika huleta mvua na maji machafu. Hayo kila wakala anayajua. Kosa lilikuwa ndani ya mwezi wenyewe: nilifika mwezi kumi na sita mwandamo, yaani siku ya kumi na sita tangu mwezi kuandama, kwenye kilele cha bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na ratiba ilionyesha kwamba kila siku tungeondoka ufukweni saa mbili asubuhi.

Mtu aliyekulia pwani ataona tatizo mara moja. Huku kwetu, siku za bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka mnamo saa nne asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele, kwa wastani dakika 50 hivi, mpaka baada ya wiki moja mpangilio unakuwa umegeuka kabisa na maji yamekuwa mafu, yaani yanajaa na kupwa kidogo tu. Mahali panaposifiwa zaidi Mafia kwa kupiga mbizi ni Mlango wa Kinasi, ambao ndio njia ya maji kuingia na kutoka katika Ghuba ya Chole. Maji yanapojaa, bahari safi ya nje huingia ghubani, mtu huona mbali, na mkondo humrudisha ndani taratibu. Yanapotoka, hubeba mchanga na uchafu wote wa ghuba, na mkondo humsukuma mpiga mbizi kuelekea bahari kuu. Katika bamvua mkondo huo si wa kufanyia mzaha.

Jumapili, siku ya kwanza ya mbizi, nilikuwa nimeshavaa suti ya mpira nahodha aliponiambia: "Dada, saa hizi maji yanatoka. Tukienda sasa tutapelekwa nje, na tukirudi hapa tutakuta mchanga mtupu. Tungoje yageuke." Tulingoja hadi saa saba mchana. Mbizi mbili zikawa moja, na siku tatu zilizofuata kituo kilipanga upya saa zote kwa kufuata maji, bila kunitoza chochote. Ningefika siku nne baadaye, kwa bei ileile na chumba kilekile, asubuhi zangu zingekuwa za maji yanayojaa polepole.

Ijumaa, mwezi ishirini na mbili, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekikosa. Maji yalikuwa yanajaa mpaka saa tatu hivi asubuhi, nasi tuliingia Kinasi saa moja na nusu. Tuliteremka kando ya ukuta wa mwamba hadi mita 17, mkondo ukiwa mwepesi kiasi kwamba niliweza kusimama mahali pamoja kwa kupepea mapezi kidogo tu. Kundi la kolekole lilipita juu yetu kwa muda mrefu. Chewa mmoja mkubwa alikaa mlangoni mwa pango lake akitutazama bila kusogea, na kasa akaendelea kula kana kwamba hatupo. Siku ya Jumatatu nilikuwa nimepita mahali hapohapo, na nilichoona zaidi ni mapezi ya mtu aliyenitangulia.

Kuhusu kituo chenyewe, jambo lililonifurahisha kuliko yote ni maelezo ya kabla ya mbizi. Kiongozi wetu ni mzaliwa wa kisiwa cha Chole, na kwa mara ya kwanza nilielezwa mbizi kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wawili. Alichora ukuta mchangani, akaonyesha mkondo unakotoka, akatuambia ni wapi tungesimama dakika tatu katika mita tano kabla ya kupanda juu. Niliomba kuona mtungi wa oksijeni ya dharura, nikaonyeshwa bila kununiwa. Fomu ya afya ilisomwa kweli, kwa maana mwenzetu aliyeandika kwamba ana pumu aliambiwa asubiri mpaka alete kibali cha daktari. Wengine wataona huo ni usumbufu. Mimi niliona ndiyo sababu ya kuwaamini.

Dosari zipo. Suti za mpira ni za zamani na yangu ilikuwa imechanika kwapani, boti haina kivuli cha kutosha kwa muda wa mapumziko kati ya mbizi mbili, na Jumatano tulikuwa wapiga mbizi wanane kwa kiongozi mmoja, idadi ambayo naiona kubwa mno. Anayetarajia matumbawe yasiyo na doa pia ajue kwamba joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia, na ingawa yamerejea vizuri katika sehemu nyingi, bado yapo maeneo ambayo ni kifusi.

Siku ya papa potwe ilikwenda salama, ila ijulikane kwamba hiyo si shughuli ya mitungi. Samaki hawa huja upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, kula viumbe vidogo karibu na uso wa maji, hivyo mtu huvaa miwani na mrija tu, tena lazima asafiri kwa gari kutoka Utende iliyo kusini mashariki. Wakala alikuwa ameiweka siku hiyo katikati ya wiki. Mimi ningeiweka mwishoni.

Ningeiweka mwishoni kwa sababu ya ndege. Wanaofanya mbizi kadhaa kwa siku kadhaa hushauriwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kuruka, ili gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka. Ratiba yangu ilikuwa na mbizi ya mwisho iishayo saa tisa alasiri ya Ijumaa, na ndege ya saa mbili asubuhi ya Jumamosi. Hizo ni saa 17. Kiongozi alipoiona tiketi aliifuta mbizi hiyo papo hapo, na kituo kikanirudishia fedha yake. Nilipomwandikia wakala, alijibu kwamba ndege zile ndogo haziruki juu sana, jibu ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu anayeuza safari za kuzamia. Tena alikuwa amenitoza ada ya Hifadhi ya Bahari kwa kiwango cha mgeni, ilhali raia hulipa kiwango cha chini. Tofauti hiyo bado naidai.

Mwakani nakwenda tena, na safari hii nimeandikiana na kituo moja kwa moja. Niliwauliza jambo moja tu kabla ya bei: mwezi nane mwandamo wa Februari, ambapo maji huwa kama yale ya ishirini na mbili, utaangukia tarehe gani. Walinijibu siku hiyohiyo, wakaniwekea nafasi kuanzia siku iliyotangulia. Kwenda nitapanda ndege yenye kikomo chake cha kilo 15 za mizigo, nikibeba miwani yangu na suti yangu isiyochanika. Kurudi nitapanda chombo cha kwenda Nyamisati, bandari ya upande wa bara, ambacho huchukua saa kadhaa na huenda kikanichafua roho, lakini kitaniruhusu kuwa ndani ya maji ya Kinasi hadi asubuhi ya siku ya mwisho.