Panchi ya biopsi ya ngozi, milimita 4: inafanya nini mwilini mwako?

Karibuni tena. Kilichopo mezani leo ni kidogo kuliko kalamu, lakini wengi wakikiona mkononi mwa daktari jasho huwatoka. Hii ndiyo panchi ya kuchukulia kipande cha ngozi kikapimwe maabara, yaani biopsi. Mpini ni wa plastiki, na huku mbele, tazama vizuri, kuna kijibomba cha chuma chenye makali mdomo mzima.

Zipo za milimita 2 mpaka 8. Hii ya 4 ndiyo inayotumika zaidi, na kwa vipele vingi naipendelea. Ya 2 huacha kovu dogo, sawa, ila kipande huwa kiduchu mno na maabara inaweza kukosa cha kusoma. Panchi yoyote kati ya hizi hutumika mara moja ikatupwa, kwa hiyo pakiti ifunguliwe ukiona.

Kinachouma ni sindano ya ganzi, siyo panchi. Lidokaini, dawa yenyewe ya ganzi, ina asidi, ndiyo maana inachoma kwa sekunde kadhaa. Ikichomwa taratibu kwa sindano nyembamba, makali yanapungua. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini ili mishipa ijibane, damu isitoke nyingi. Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Zitaje mapema, lakini usiziache kwa uamuzi wako.

Daktari anaitanua ngozi kwa vidole, anasimamisha panchi wima, anaizungusha huku akikandamiza hadi afike kwenye mafuta. Utahisi kusukumwa tu. Ukihisi ukali, sema, ganzi inaongezwa. Akiiachia ngozi, tundu la duara linajivuta na kuwa kama umbo la yai, likafungwa kwa uzi mmoja au miwili.

Sasa dosari. Panchi inakata pembeni tu. Chini kipande bado kimeshikiliwa. Kikibanwa kwa nguvu na kibanio chenye meno, seli zinasagika, na kwenye hadubini huonekana vurugu tupu. Matokeo yake unatobolewa tena! Kinyanyuliwe kwa ncha ya sindano, kikatwe shina kwa mkasi, kiingie kwenye fomalini (dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10 iliyo angalau mara 10 ya ujazo wake. Lebo ibandikwe kwenye chupa, siyo kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Soma jina lako kabla hujaondoka, wala usione haya. Mwenye ugonjwa wa malengelenge huenda akachukuliwa vipande viwili, na kile cha kupima kingamwili hakitakiwi kugusa fomalini kabisa.

Na kwa doa jeusi pana linaloshukiwa kuwa saratani ya melanoma, mimi hii siipi alama nyingi. Inachota sehemu moja, na sehemu mbaya inaweza kubaki. Inapowezekana, doa zima liondolewe kwa kisu.

Nyumbani, bandeji ikae kavu saa 24. Baada ya hapo osha kwa maji na sabuni, paka vaselini kidogo, funika. Ile habari ya kuacha kidonda “kipigwe hewa” inakichelewesha kupona, na spiriti inakiunguza bure. Damu ikichuruzika, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 15 mfululizo. Kosa la karibu kila mtu ni kuchungulia kila baada ya dakika mbili. Kila ukichungulia unaling'oa bonge la damu lililoanza kuziba. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za miguuni karibu 14. Wekundu unaosambaa, usaha au homa, rudi hospitali. Kama ngozi yako huota keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, liseme hilo kabla ya kutobolewa, hasa kama ni kifuani au begani.

Majibu kwa kawaida huchukua wiki 1 hadi 2. Karatasi ikija na maelezo marefu bila jina la ugonjwa, usidhani kazi imeharibika. Vipele vingi hufanana kwenye hadubini, kwa hiyo ipeleke kwa daktari aliyeiona ngozi yako, aoanishe alichokiona yeye na kilichoandikwa humo.