Majalada ya Blue Book, yanavyosomeka kutoka Unguja

Kwa msomaji wa Unguja au Pemba anayetaka kujua jeshi hufanya nini raia anapolipelekea habari ya taa asiyoielewa angani, majalada ya Blue Book, yanayopatikana bila malipo kwenye tovuti ya Idara ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, yanastahili bando litakalokwenda. Huo ndio mradi ambao Jeshi la Anga la nchi hiyo liliuendesha kutoka kambi ya Wright-Patterson, Ohio, tangu 1952 hadi 1969. Ulikusanya taarifa 12,618, zikiwemo zilizoanza kupokewa 1947, na 701 kati yake zikabaki bila maelezo.

Wengi huzikimbilia hizo 701. Mimi naona thamani yake imo katika kadi ya ukurasa mmoja iliyowekwa kwenye majalada. Inauliza tarehe, saa, mahali, nani aliona, vitu vilikuwa vingapi, vilionekana kwa muda gani, vilielekea wapi na kama kuna picha, kisha pembeni kuna visanduku vya hitimisho. Puto, ndege na kitu cha falaki kila kimoja kina ngazi tatu: ndicho, yaelekea ndicho, huenda ndicho. Kipo pia kisanduku cha taarifa zisizotosha, ambacho kwa maoni yangu ndicho cha heshima kuliko vyote. Ukiisoma kadi hiyo ufukweni usiku wa kiza, karabai za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetanda baharini na Zuhura ikikaribia kuzama, utatambua ni maswali mangapi ambayo hakuna aliyemuuliza yule mjomba aliyekuapia kuwa ameona kitu.

Udhaifu wa mradi umo katika haraka ya kujibu. Machi 1966, wakaazi wa Dexter na Hillsdale, jimbo la Michigan, waliripoti taa, na mshauri wa mradi, mwanafalaki J. Allen Hynek, akawaambia waandishi wa habari, siku chache tu baadaye, kwamba baadhi yake huenda zilitokana na gesi ya kinamasi. Watu waliona wamedharauliwa, na Gerald Ford, wakati huo mbunge wa jimbo hilo, akataka Bunge lichunguze. Hynek alisema "huenda", tena kwa baadhi tu, lakini tahadhari hiyo ilipotea njiani. Isitoshe, jeshi lilitaka kwanza kujua kama usalama wa taifa umo hatarini, ilhali raia alitaka kujua alichokiona. Swali la kwanza likishajibiwa, la pili halikuwa na mtetezi.

Kwa matumizi, tambua kwamba majalada yamepangwa kwa tarehe, hivyo ingia ukiwa na mwezi na mwaka. Lugha ni Kiingereza, mara nyingine cha mkono, na kioo cha simu hakitoshi. Majina ya mashahidi yamefutwa, jambo ninaloliunga mkono. Anzia Julai 1952, wakati taa na alama za rada zilipoonekana juu ya Washington na jeshi likazieleza kwa tabaka la hewa ya joto lililokaa juu ya hewa ya baridi.

Kadi yenyewe nimeinakili kwa Kiswahili, nikaongeza swali moja ambalo Ohio hawakulihitaji: boti za dagaa zilikuwa upande gani?