Vipodozi vya bei nafuu na vya bei ghali: uzoefu wangu katika joto la Mombasa

Ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Pwani, na kazi hiyo inadai uso uliopambwa tangu asubuhi hadi jioni, kiangazi na masika. Ninaishi Likoni, kwa hivyo kabla sijafika kazini nimekwisha kuvuka na feri katikati ya umati, nimepanda matatu, na jasho limekwisha kupita usoni. Kwa miaka kadhaa nimetumia vipodozi vya namna mbili: vile vinavyouzwa katika maduka ya dawa na supamaketi, ambavyo bei yake haimtishi mfanyakazi wa kawaida, na vile vya chapa za kifahari vinavyopatikana katika maduka maalumu ya vipodozi ya Nyali na Nairobi, ambako kichupa kimoja huweza kula fedha za chakula za juma zima. Tathmini hii ninamwandikia hasa mwanamke mwenye ngozi nyeusi kama yangu, anayetaka kujua ni wapi fedha yake hununua kitu na ni wapi hulipia boksi.

Katika vipodozi vingi sikuona tofauti inayostahili bei. Katika faundesheni, ile rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima, niliiona, lakini haikuwa pale ambapo wauzaji huielekeza. Wao husifu ulaini, harufu, mafuta ya mimea na kudumu usoni. Ili kuyapima hayo, nilizipaka faundesheni mbili kwa wakati mmoja, ya bei nafuu shavu la kulia na ya bei ghali shavu la kushoto, nikagawanya hata paji la uso, nikaenda kazini hivyo hivyo. Ya bei nafuu ilikuwa Fit Me ya Maybelline, ile isiyong'aa iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mafuta, ambayo niliinunua kwa takriban shilingi 1,500. Ya pili, ya chapa ya kifahari ambayo sitaitaja, ilipita shilingi 5,000. Nilirudia jaribio hilo mara kadhaa, na kila mara nilimwomba mwenzangu wa mapokezi aniangalie saa sita mchana bila kumwambia upande upi ni wa ipi. Hakuwahi kubahatisha kwa uhakika. Paji la uso na pua viling'aa pande zote mbili, na pande zote mbili zilihitaji kukandamizwa karatasi ya kunyonya mafuta kabla ya poda. Kwa kudumu, basi, hapakuwa na cha kulipia nyongeza ya zaidi ya shilingi 3,000.

Tofauti iliyonigusa ilikuwa ya rangi. Karibu kila faundesheni duniani, ya bei yoyote, hupata rangi yake kutokana na madini yale yale manne: dioksidi ya titani, ambayo ni nyeupe, na oksidi za chuma za njano, nyekundu na nyeusi. Ukigeuza boksi utayakuta yameandikwa kwa namba CI 77891, CI 77492, CI 77491 na CI 77499. Kwa hiyo suala si madini, bali vipimo vyake. Mtengenezaji asiyejali ngozi nyeusi huchukua mchanganyiko aliouandaa kwa ajili ya ngozi nyeupe kisha akauongezea weusi mpaka ukaiva kwa macho ndani ya chupa. Ukiupaka, weupe uliobaki ndani yake hujitokeza juu ya ngozi, na uso ukawa wa kijivu kama uliopakwa jivu. Mtengenezaji anayejali hupunguza weupe, akasawazisha wekundu na unjano kulingana na rangi iliyo ndani ya ngozi yenyewe, na kwa ngozi zilizokolea sana akaongeza hata buluu ya ultramarini, ambayo hukoleza rangi bila kuifisha. Kazi hiyo inahitaji watu wa kuipima ngozi yetu na kuirudia tena na tena. Hapo ndipo bei kubwa ilipokuwa na maana kwa muda mrefu, kwa sababu ni chapa chache tu zilizoifanya, na nyingi kati ya hizo hazikuwa za bei nafuu.

Ninasema ilikuwa, kwa sababu hali imebadilika sana katika miaka kumi hivi iliyopita. Mwaka 2014 mwigizaji Lupita Nyong'o alitangazwa kuwa balozi wa Lancôme, na kwa sisi Wakenya ilikuwa faraja kumwona mwanamke wa ngozi yetu akisimama kwa ajili ya chapa ya Kifaransa ya bei ya juu. Mwaka 2017 mwimbaji Rihanna alizindua Fenty Beauty kwa faundesheni ya rangi 40 kwa mpigo, zikiwemo nyeusi zilizofikiriwa tangu mwanzo badala ya kuongezwa mwishoni, na wapinzani wake wakalazimika kupanua safu zao. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii ni kwamba Lancôme na Maybelline ni mali ya kampuni moja, L'Oréal, ambayo iliinunua Maybelline mwaka 1996. Anayelipa bei ya juu na anayelipa bei ya chini wanaweza kuwa wanaitajirisha nyumba ile ile, na hakuna sababu ya kuamini kwamba wanasayansi wa nyumba hiyo wanasahau elimu yao wanapohama kutoka chupa ya kioo kizito kwenda chupa nyepesi. Fit Me ninayoitumia sasa ina rangi inayokaribia kabisa taya langu, jambo ambalo nilipoanza kazi sikulipata katika faundesheni yoyote ya bei hiyo.

Hata hivyo rangi kutengenezwa ni jambo moja, na kufika rafuni Mombasa ni jambo jingine. Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana ndipo mwanamke mweusi anapolipa zaidi bila kupata zaidi. Chapa hutangaza rangi 30 au 40, lakini duka la dawa la mtaani huagiza tano au sita, na mara nyingi ni zile za katikati ambazo mwenye duka anaamini zitauzika haraka. Nimesimama mbele ya rafu nyingi za namna hiyo nikaambiwa kwa upole, "Dadangu, hiyo ndiyo ya mwisho kwa weusi," nikiwa nimeshika kichupa ambacho kingefaa ngozi ya maji ya kunde. Muuzaji yule hakuwa na kosa; yeye huuza anacholetewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye ngozi ya maji ya kunde huondoka na faundesheni yake kwa shilingi 1,500, na mimi hulazimika kwenda kwenye duka la kifahari, ambako namba ya rangi yangu ipo, nikalipa mara tatu au nne. Hiyo si gharama ya ubora. Ni gharama ya kutoagiziwa, na inaniuma kwa sababu anayeibeba ni yule yule ambaye kwa miaka mingi alitengenezewa faundesheni ya jivu.

Njia niliyoipata ni kununua kupitia wauzaji wa Nairobi wanaoagiza safu nzima na kutuma mzigo kwa basi. Namba ninayoihitaji inapokosekana hata huko, hununua vichupa viwili vya bei nafuu vya aina moja, kimoja kilichokolea kuliko mimi na kingine chepesi kidogo, nikavichanganya mgongoni mwa mkono. Vyote viwili pamoja havifikii bei ya kile kimoja cha kifahari, na vinadumu zaidi. Faida nyingine ni kwamba ngozi yangu hukolea baada ya likizo ya Disemba juani, na mchanganyiko huweza kuifuata. Yeyote atakayejaribu njia hii ajaribu rangi kwenye taya, si mkononi, kisha atoke nje ya duka akajitazame kwa mwanga wa jua, kwa maana taa za dukani hudanganya; na asikate shauri papo hapo, kwa sababu faundesheni nyingi hukolea zaidi baada ya nusu saa zinapokutana na hewa na mafuta ya uso. Katika hili, naomba haki itendeke, maduka ya kifahari yanawashinda wenzao kwa mbali: yana sampuli, yana kioo karibu na mlango, na yana mtu aliyefunzwa ambaye hakufukuzi ukiomba kuzunguka nusu saa na rangi usoni. Duka la dawa halina sampuli, na mara nyingi boksi limefungwa kwa nailoni.

Kuhusu maskara, yaani rangi ya kope, sina mengi. Nunua ya bei nafuu. Brashi yake huingia na kutoka ndani ya kichupa chenye unyevu, ikibeba vijidudu kutoka kwenye kope, na ushauri wa kawaida ni kuitupa baada ya miezi mitatu hivi hata kama haijaisha. Kitu cha kutupwa mara nne kwa mwaka hakistahili shilingi 4,000. Kinachonihusu mimi ni kwamba kiwe kisichoyeyuka kwa maji, kwa ajili ya unyevu wa feri, na sifa hiyo ipo katika maskara za shilingi 1,000 sawa na zile za kifahari.

Rangi ya mdomo nayo ni nta, mafuta na madini ya rangi. Mafuta ya mbarika yamo katika nyingi za bei zote. Nimekuwa na ya bei ghali ambayo kifuniko chake kilifungwa kwa sumaku na kutoa mlio mzuri sana, na nilifurahi kila nilipoufungua mkoba, lakini mdomoni haikushinda ile ya shilingi 500 kwa kudumu wala kwa kukolea. Zile za maji zinazokauka zikawa hazing'ai huchubua midomo yangu bila kujali bei, na dawa yake ni mafuta kidogo kabla ya kupaka. Hapa pia nina neno jema kwa SuzieBeauty, chapa iliyoanzishwa na Mkenya mwenzetu Suzie Wokabi kwa kuifikiria ngozi ya Kiafrika: rangi zake nyekundu na za kahawia zimekolea vya kutosha kuonekana kwenye midomo iliyo myeusi, bila kulazimika kupaka tabaka tatu.

Poda inataka uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa harusi zetu za usiku. Poda inayodaiwa kufaa kila ngozi kwa kuwa haina rangi mara nyingi imetengenezwa kwa madini ya silika, nayo hurudisha mwanga wa kamera. Kioo hakitakuonyesha kitu. Picha ndizo zitakazoonyesha weupe chini ya macho na puani. Niliona hivyo kwa bibi harusi mmoja aliyepambwa kwa poda ya bei ya juu sana, na hakuna aliyejua mpaka picha zilipofika. Tangu hapo ninashauri kila anayepambwa apigwe picha moja kwa mwanga wa kamera kabla ya kuondoka nyumbani. Kwa matumizi yangu ninachagua poda yenye rangi ya ngozi, ya bei nafuu, na sijaona haja ya kupanda juu ya hapo. Onyo hilo hilo ninalitoa kwa faundesheni zenye kinga ya jua ya titani au zinki: ni nzuri kwa kazi ya mchana, si kwa ukumbi wenye wapiga picha.

Kuna eneo moja ambalo unafuu wa bei unanitia hofu, nalo ni macho. Wanja wa kupaka ndani ya kope, hasa ule wa unga unaouzwa katika vichupa visivyo na maandishi, huweza kuwa umesagwa kutokana na madini ya risasi, kama ulivyokuwa wanja wa kale katika nchi nyingi. Risasi ni sumu inayojikusanya mwilini, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga, ambao bado kuna nyumba za Pwani zinazowapaka. Sisemi kwamba uache wanja. Mimi sitoki nyumbani bila kuupaka. Ninasema ununue wa penseli, wenye jina la mtengenezaji na orodha ya vilivyomo, na hata huo hupatikana kwa shilingi mia chache.

Hofu hiyo inafuatana na ya bidhaa bandia, ambazo zimewaharibia jina vipodozi vya bei nafuu kuliko kitu kingine chochote. Faundesheni ya chapa ya kifahari inayouzwa barabarani kwa shilingi 600 si ya bei nafuu. Ni kitu kisichojulikana kilichotiwa ndani ya chupa inayofanana. Mimi hutazama kama namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi inalingana na ile iliyo chini ya chupa, kama maandishi yana makosa ya tahajia, na kama ipo stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zilizoingizwa kutoka nje. Namba zisipolingana ninairudisha rafuni, hata kama muuzaji ni mtu ninayemfahamu na yuko tayari kupunguza tena. Kwa fedha zile zile mia sita ninapata poda halisi ya chapa ya kawaida, iliyofungwa, yenye tarehe, kutoka kwa duka la dawa litakalonipa risiti.