TAHADHARI: Huyu "Dokta wa ndoa" wa mtandaoni anakula huku na huku

Wakuu habari zenu. Nimekaa na hili jambo wiki tatu naona aibu kuliandika, mwanaume mzima kupigwa na mshauri wa ndoa, ila mama watoto kasema andika tu wengine wapone, kwahiyo naandika na yeye anajua.

Mimi kazi yangu iko Geita mgodini, shifti za kupokezana, familia iko Morogoro. Tunajenga huko Moro, natuma hela yeye anasimamia fundi. Toka mwaka jana katikati tukawa hatuelewani, simu ikipigwa ni tofali ngapi zimefika, mbona saruji imeisha, baada ya hapo ni kununiana siku mbili. Kwa wazazi hatukutaka, mnajua tena, nyie mnapatana wao bado wana kinyongo. Kanisani nako mzee anayeshughulika na mambo ya ndoa ni mjomba wake. Ndo mke wangu akamuona huyu jamaa Insta, anajiita Dokta, mtaalamu wa saikolojia ya ndoa na familia, wafuasi kibao, kila jioni yuko laivu. Kuongea anajua, hilo siwezi kumnyima.

Bei yake wiki 6 laki na nusu, yote WhatsApp. Wakati wa kutuma, kabla sijaweka PIN likatokea jina la mwanamke, nikamuuliza akasema huyo mhasibu wa ofisi. Nikaweka PIN. Hapo ndo nilipolala mara ya kwanza.

Kikao cha kwanza tulikuwa wote watatu, kama dakika 40, na kusema ukweli kilitusaidia, usiku ule tuliongea vizuri. Kuanzia cha pili akasema sasa kila mtu peke yake ili afunguke, tumtumie voisi sio meseji ili asikie hisia, halafu tusiulizane tumeongea nini maana tutaharibu tiba. Kuonana na mtu mmoja mmoja sio tatizo, hata washauri wa kweli wanafanya hivyo. Tatizo ni alichokifanya na zile voisi.

Mimi nilifunguka kwamba nabeti. Mikeka imenila hela nyingi za ujenzi na mke wangu hajui. Mke wangu naye, bila mimi kujua, akafunguka kwamba alichukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, kumsaidia mdogo wake na anarudisha kwa hela ya tofali. Yaani kila mtu anamdai mwenzake hesabu na wote tunaiba kwenye mfuko mmoja. Mshauri mwenye akili angetukalisha siku hiyo hiyo tukamaliza, yeye akaona mtaji.

Usiku mmoja meseji inaingia: "Mwenzako ameniambia jambo zito, siwezi kulibeba peke yangu, tufanye kikao cha dharura." Elfu 80. Mtu uko Geita, mke yuko mbali, ukiambiwa jambo zito unawaza nini? Nikatuma. Kwenye hicho kikao hasemi kitu, anazunguka tu, "kuna mwanaume anaingia hapo kila wiki kufuata kitu". Nilikesha. Kumbe mwanaume mwenyewe ni yule wa kausha damu anafuata rejesho! Nikatuma elfu 50 nyingine nijue zaidi.

Na mke wangu huku kaambiwa mumeo ana siri ya Geita, akajua nyumba ndogo, akatoa elfu 60. Akaambiwa "kuna hela zinapotea usiku". Akakasirika mpaka akaanza kutaja talaka, jamaa badala ya kumtuliza akamuuzia cheti. Laki mbili na nusu, atamtengenezea cheti cha baraza la usuluhishi la ndoa kwa mtandao, aende nacho mahakamani moja kwa moja. Akatanguliza laki.

Hicho cheti ndo kilimuumbua. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 huwezi kufungua shauri la talaka bila kupita baraza kwanza, ukiacha sababu chache maalum, wao ndo wanajaribu kuwapatanisha na wakishindwa ndo wanatoa cheti, na ukienda nacho mahakamani kiwe hakijazidi miezi 6. Mke wangu akapita ofisi ya kata kuuliza tu kama cha mtandaoni kinakubalika. Mama mmoja pale akamuuliza, "Mwanangu, na mumeo aliitwa lini?" Akakosa jibu.

Jioni akanipigia. Masaa mawili kila mtu anamsomea mwenzake alichotumiwa. Ile ya "jambo zito" ni neno kwa neno, yangu imeingia saa 2:14 usiku ya kwake saa 2:15. Jumla tumetoa laki nne na arobaini, na ya kausha damu na mikeka tumeyamaliza wenyewe bure kwenye simu hiyo hiyo.

Tulipombana akabadilika, mnatuma laki 5 au voisi zinaenda kwa mama mkwe. Hatukutuma. Nilimpigia mama mkwe mwenyewe nikamwambia habari za kubeti kabla hajatumiwa. Ile simu sitaki kuiongelea.

Namba yake tumeshairipoti kule 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na nikipata likizo naenda polisi Moro na skrinshoti zote, kwahiyo kama umeshapigwa usifute kitu, miamala na voisi zako ndo ushahidi. Na mtu akijiita Dokta wa hospitali, Baraza la Madaktari Tanganyika wana rejista, tafuta jina lake, mimi nilitafuta nimeshachelewa, halipo.

Jina la akaunti siweki hapa mpaka polisi wanishauri. Ila juzi nimemuona yuko laivu tena, somo la siku "uaminifu ndani ya ndoa", watu wanamwaga kopa. Kama na wewe uliwahi kutumiwa hayo maneno ya "jambo zito siwezi kulibeba peke yangu" nicheki inboksi, tukienda wengi watatusikiliza.